Naombeni ushauri: mwanafunzi kaniapisha nisiseme, na mama yake anasema nawafundisha watoto uhuni

Binti Gengeni
Habarini wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi ni binti wa miaka 22 niko Makambako, nimemaliza kidato cha sita nasubiri chuo, kwa sasa namsaidia mama kwenye genge. Kituo cha afya cha huku kilichukua vijana tukapigwa semina tukawa waelimishaji rika, kazi yetu ni kukaa na vijana wenzetu tunaongea ukuaji, hedhi, mimba, magonjwa ya zinaa, ukimwi, na kuwaelekeza waende wapi wakipata shida, basi. Hatutibu mtu wala hatugawi dawa na posho ni ya nauli tu, nayo ikija.

Kwa wasiopajua, Makambako ni njia panda, unayetoka Iringa kwenda Mbeya unapita hapa, wa Njombe na Songea anakatia hapa hapa, malori yanalala, mbao na viazi vinapakiwa mpaka usiku, hela za haraka haraka ziko nje nje na wanafunzi wakitoka shule jioni wanapita katikati ya hayo yote.

Sasa ishu iko hivi. Kuna binti mmoja wa miaka 16 yuko kidato cha tatu, alinifata gengeni akajifanya anachagua nyanya, anashika moja anairudisha anashika nyingine, mpaka mama alivyoingia ndani ndo akaniambia dada nataka nikuulize kitu ila apa kwanza husemi. Nikaapa mana alikua anatetemeka kabisa. Akaniambia hajaona siku zake huu mwezi wa pili, na aliyenae ni utingo wa lori la mbao, jamaa mtu mzima tu ana kama miaka 27, ndo anamnunulia bando na hela ya sabuni. Akanipa elfu kumi imekunjwa kunjwa nimnunulie P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, mana yeye akienda duka la dawa wanamjua.

Wakati nawaza hilo, mama yake kakuta daftari la binti lina mchoro wa mzunguko wa hedhi tuliofundisha kwenye klabu ya shule, akaja nalo gengeni akanipigia kelele mbele za wateja kwamba nawafundisha watoto wao uhuni. Huyo mama anasali na mama yangu jumuiya moja. Na hapo hajui chochote kuhusu mwanae. Mama yangu nae kaniambia niache hiyo kazi isiyo na mshahara.

Naombeni mnisaidie, nimwambie mama yake? Niende polisi? Nikae kimya kwa sababu niliapa? Na P2 nimnunulie au la? Matusi pembeni tafadhali.

Mzee wa Viazi
Nimekaa paleee kwenye gunia nasubiri wataalamu.

Nesi wa Zamu
Pole mdogo wangu. Nianze na P2, usinunue, rudisha hiyo elfu kumi. P2 inachelewesha yai lisitoke, kwaiyo inamezwa mapema iwezekanavyo baada ya tendo, ndani ya masaa 72, na kadri unavyochelewa ndo nguvu inapungua. Kama mimba imeshatunga haiitoi, mtoto atameza ataona kimya atadhani mambo yameisha kumbe wiki zinaenda. Watoto wengi huku mtaani wanaiona ni dawa ya kurudisha siku, siyo hivyo.

Pili, kukosa siku zake sio lazima iwe mimba. Binti wa umri huo mzunguko unaweza kuyumba, mawazo yanachangia, hata kula vibaya. Kipimo cha mkojo ni bei ndogo ila mimi nakushauri asipimie chooni nyumbani peke yake, mlete kituoni apimwe na mtu ambaye atakaa nae majibu yakitoka. Na akija apime vyote, VVU na kaswende pia, mana huyo utingo hayuko nae peke yake, tusidanganyane. VVU kwa miaka 15 kwenda juu anapima bila ruhusa ya mzazi, sheria ilibadilishwa 2019, kabla ya hapo ilikua 18. Akiwa hana, arudie baada ya miezi mitatu kwa sababu maambukizi ya juzi juzi kipimo kinaweza kisiyaone.

Ila wasindikize jamani, wasindikizeni. Kuna wenzangu kwenye hii kazi (sitaji kituo) binti akifika dirishani na sare wanamuuliza kwa sauti "we mtoto uzazi wa mpango unautakia nini", foleni nzima inageuka. Huyo harudi tena, anaenda kumeza vitu vya ajabu huko. Ulizia nesi gani anahusika na huduma rafiki kwa vijana, uongee nae kabla hujampeleka.

Baba Enea
Mimi nasimama na huyo mama. Hizi semina zenu ndo zimeharibu watoto. Sisi tulifundishwa na bibi na shangazi, kwa wakati wake, sio mtoto wa miaka 14 anachorewa mfuko wa uzazi ubaoni. Mkishamwambia habari za kondomu mnategemea afanye nini?

Binti Gengeni
Baba Enea shikamoo, nakuheshimu mzee wangu, ila naomba nikujibu. Huyo binti alianza na huyo utingo kabla mimi sijakanyaga shuleni kwao. Na pale klabu tuna sanduku, ni boksi la viatu tumelitoboa juu, wanaandika maswali bila jina wanatumbukiza. Nikutajie ya wiki moja tu: "ukiruka ruka baada ya tendo mimba inatoka?", "soda na panadol zinazuia?", "mara ya kwanza si huwezi kupata mimba?", na kuna mmoja kaandika kwa penseli afu kafuta kidogo, "kama ni mjomba ndo unamwambia nani". Hayo mambo hatujawafundisha sisi, tumeyakuta. Shangazi nao siku hizi wako Dar, wanatuma hela kwa simu.

Baba Enea
Hilo la mjomba ni zito. Mlifanyaje?

Binti Gengeni
Halikua na jina mzee. Kipindi kilichofuata tukaongelea mambo ya kuguswa na ndugu bila kusema kuna aliyeuliza, tukaandika ubaoni 116, namba ya watoto ya bure, na mwalimu wa malezi akatangaza mlango wake uko wazi. Bado tunasubiri.

Mwana wa Mafinga
Mi nimekua mwelimishaji rika kabla yako dada, wa vijiwe vya boda, kwaiyo nakuelewa. Ntakwambia vitu ambavyo semina inapita haraka haraka.

Kiapo cha "sisemi kwa mtu yeyote" kwa mtoto chini ya miaka 18 hakibebeki. Mimi kabla mtu hajafungua mdomo namwambia, siri yako ntaitunza, mambo ya mapenzi yako na maumivu ya mkojo hayatoki hapa, ila ukiniambia kuna mtu mzima anakuumiza au maisha yako yako hatarini itabidi tutafute mtu wa kutusaidia, na ntakwambia wewe kwanza kabla sijamwambia mwingine. Wapo wanaosita wanaondoka, wengi wanarudi. Kwa huyu ambaye umeshaapa, rudi kwake umwambie hivyo hivyo uso kwa uso. Usimzunguke. Akisikia kwa mama yake kwamba wewe ndo umesema, sio yeye tu utakayempoteza, shule nzima itajua yule dada ana mdomo na sanduku lako litabaki na vumbi.

Afu jambo jingine, gengeni sio pa kuongelea haya. Tafuteni sehemu ya wazi ila isiyo na masikio, sisi tulikua tunakaa nyuma ya uwanja, unaonekana ila husikiki. Na mwombe mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo cha afya, akupe barua ya utambulisho uipeleke kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa, mzazi akija na kelele unamwelekeza huko, hutukanwi peke yako.

Na hao vijana wa malori nani anaongea nao? Kila siku tunawaweka wasichana darasani tunawaambia jilinde jilinde, utingo anakunywa chai stendi hajaguswa na mtu. Mimi kijiweni nilikuta jamaa anatumia azuma (dawa ya antibiotiki) moja kila akisikia kuungua akikojoa, ana rafiki yake wa dukani, hajawahi kupimwa hata siku moja na wala hajawahi kumwambia anayelala nae.

Sheria Kidogo
Tuwe wakweli hapa, tunaongea kama vile ni mapenzi ya vijana. Ana 16, jamaa ana 27. Kwa Kanuni ya Adhabu baada ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, msichana chini ya miaka 18 hata akikubali yeye mwenyewe ni ubakaji, kifungo miaka 30. Na Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni miaka 30. Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 95 nayo inasema mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa serikali ya mtaa. Yeyote, mkuu, hata muuza nyanya. Kwaiyo kukaa kimya toa kwenye orodha yako.

Kipara Ngoto
Peleka polisi leo leo, akamatwe hilo lijamaa.

Mama Wawili
Kipara kesi hizi unazijua au unazisikia? Ukikurupuka polisi kabla binti hajawa na mtu wa kumshika mkono, utingo anapanda lori usiku huo huo yuko Tunduma, namba haipatikani, na akibaki ndugu wa pande mbili wanakaa chini wanamalizana kifamilia kwa hela na mbuzi, binti anabaki anaitwa yule aliyetaka kumfunga mtoto wa watu. Akifika mahakamani anaruka kila kitu. Mimi nimeona mtaani kwetu.

Binti, ningeanzia kwa afisa ustawi wa jamii, yupo halmashauri na hospitali nyingi anakuwepo. Yeye ndo anajua kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa mpangilio gani. Hapo unakua umetimiza wajibu aliousema Sheria Kidogo bila wewe kugeuka mpelelezi.

Kuhusu mama yake, mimi ni mama wa binti wa umri huo huo na ningetaka kujua, ila sio kwako, samahani kusema hivyo, ningeona unanicheka. Mwulize binti, katika watu wazima wa familia yenu yupi ukimwambia hatakupiga kwanza? Kuna mama mdogo, kuna bibi, kuna mke wa mchungaji. Huyo ndo akae na mama yake.

Ticha wa Bios
Naongezea upande wa shule. Kipimo kikionyesha mimba sio mwisho wa masomo. Novemba 2021 serikali iliondoa ile ya kufukuzwa moja kwa moja na kutoa waraka wa kuruhusu waliokatisha masomo kurudi, wakiwemo waliopata ujauzito, katika mfumo rasmi. Wazazi wengi hawajui, wanakimbilia kumwozesha au kumpeleka kwa bibi kijijini kufuta aibu. Mwambie mapema, kwa sababu anayedhani shule imeshaisha ndo anayeenda kutoa mimba kwa vijiti.

Na Baba Enea, mkoa wetu wa Njombe utafiti wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya VVU asilimia 12.7 kwa wenye miaka 15 na zaidi, taifa zima ni 4.4. Sisi ndo tunaongoza nchi nzima. Mimi nafundisha uzazi kwenye silabasi, nachora mirija ya falopio vizuri sana, lakini hakuna mwanafunzi atakayeninyooshea mkono kuniuliza habari za utingo. Kwa huyu dada anauliza.

Baba Enea
Nimesoma. Bado naona wazazi muwe mnatuita kabla, sio tunakutana na michoro kwenye madaftari. Mkituita tutakuja, hata wachache.

Mzee wa Viazi
Baba Enea kalegea, huu uzi una nguvu.

Binti Gengeni
Mrejesho wakuu, asanteni sana. Nilikaa nae nyuma ya uwanja kama alivyosema Mwana wa Mafinga, nikamwambia kiapo kile siwezi kukibeba kwa sababu ya umri wake na umri wa yule mtu, alinuna, akalia, akasema bora asingeniambia. Nikabaki nimekaa tu. Baadae mwenyewe akamtaja mama yake mdogo.

Mama mdogo kaja, tukaenda wote kituoni, yule nesi wa vijana nilikua nimeshaongea nae hivyo hatukupanga foleni. Mimba hakuna, kaambiwa arudie kipimo siku zisipoonekana. Vile vingine viko salama kwa sasa, atarudi baada ya miezi mitatu. Ustawi wamechukua maelezo, wameenda nae dawati akiwa na mama mdogo, mimi sikuingia. Utingo simu haipatikani, ila lori linajulikana na mwenye lori anajulikana, sisemi zaidi.

Mama yake kaambiwa. Jumapili kanipita hakunisalimia, ila daftari karudisha, kalituma kwa mtoto mdogo likiwa kwenye mfuko wa sukari. Mama yangu bado anasema niache kazi.

Sasa limebaki moja. Mkuu wa shule anasema sanduku la maswali liondolewe mpaka kikao cha wazazi kipite. Nibishe au niliondoe?

Ticha wa Bios
Usibishane nae, utafungiwa klabu nzima. Mwombe lihamie ofisi ya mwalimu wa malezi, funguo akae nayo yeye, mnalifungua pamoja, na kwenye kikao muwasomee wazazi yale maswali kama yalivyo bila kurekebisha hata herufi. Lile la penseli usilisome.

Nesi wa Zamu
Na kikao kisiwe siku ya mnada, hawatakuja.