Mrejesho: Chumba cha panya wa maabara kunuka hadi korido

Wakuu, nilileta swali kuhusu chumba chetu cha panya wa utafiti huku Mbezi: harufu ya mkojo inatoka hadi korido, fundi anang'ang'ania tuongeze AC ya tatu. Wengi mlisema shida ni hewa, si joto. Kweli kabisa.

Nilishika kipande cha tishu kwenye uwazi wa chini ya mlango. Kikapeperuka kuelekea korido! Chumba kilikuwa kinasukuma hewa nje badala ya kuivuta ndani. Tulipofungua feni ya kutolea hewa, wavu wake ulikuwa umeziba kwa vumbi la maranda tunayotandika kwenye vizimba, limeshikana kama uji mkavu. AC za ukutani zinazungusha hewa ileile tu, wakati chumba cha wanyama kinataka hewa ibadilike mara 10 hadi 15 kwa saa.

Tumesafisha, tishu sasa inavutwa ndani. Bado unyevu unapita asilimia 70 (Dar hii!), tunatafuta mashine ya kukausha hewa. Halafu nimegundua jenereta inabeba friji tu. Umeme ukikatika, feni zote kimya. Hiyo ndiyo vita ya wiki hii na uongozi.