Baada ya "look forward to" tunaandika "hear" au "hearing"?

Mwombaji wa kazi, Morogoro

Habari zenu nyote. Nimehitimu chuo mwaka huu na sasa ninaandika barua za kuomba kazi kwa Kiingereza. Barua yangu ya kwanza niliimalizia hivi: "I look forward to hear from you." Kabla ya kuituma nilimpa mjomba aisome, naye akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya "hear" na kuandika juu yake "hearing". Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba ndivyo inavyoandikwa. Mimi tangu shule ya msingi nimefundishwa kwamba kitenzi kinachofuata "to" hakiongezwi kitu: "I want to go", "She likes to read". Ikiwa "to" ni ile ile, kwa nini hapa kitenzi kibadilike? Sipendi kukariri tu, kwa sababu nikikariri bila kuelewa nitakuja kukosea kwingine. Naomba mwenye ujuzi anifafanulie.

Mwalimu mstaafu, Tanga

Mjomba wako yuko sahihi, mwanangu, nawe umeuliza swali la msingi, kwa sababu kanuni uliyofundishwa si ya uongo, ila ulipewa nusu yake. Kiingereza kina "to" ya aina mbili. Ya kwanza hutangulia kitenzi, kama katika "I want to go", na kazi yake inakaribiana na ya "ku-" yetu. Ya pili ni kihusishi, sawa na "at", "for" na "from", nayo hukaa mbele ya nomino au kiwakilishi: "I went to the market", "Listen to me". Iliyomo katika "look forward to" ni hii ya pili. Ukitaka kuhakikisha, ondoa kitenzi uweke nomino mahali pake: "I look forward to your reply." Sentensi inasimama. Fanya vivyo hivyo kwa "want", useme "I want to your reply", na utaona inaanguka papo hapo. Basi kitenzi kinachotaka kukaa penye kiti cha nomino lazima kivae vazi la nomino, na vazi hilo kwa Kiingereza ni "-ing".

Kinachotukwaza sisi ni kwamba Kiswahili hakitudai vazi hilo. Tunasema "nataka kuimba", kisha tunasema "kuimba kwake kunapendeza", na "kuimba" ni kule kule, mara kitenzi, mara jina. Mwingereza hana budi kuchagua: "I want to sing", lakini "Her singing is beautiful". Sasa itazame tafsiri ya sentensi yako: "Natazamia kusikia kutoka kwako." Wengi wetu tukiiona "ku-" ya "kusikia" tunaikabidhi ile "to", na hapo ndipo kosa linapozaliwa, kwa maana "to" hiyo imekwisha kupata mwenzake ndani ya kitenzi kilichotangulia. Linganisha tazama na tazamia, ngoja na ngojea: kauli ya kutendea ndiyo inayobeba kazi ya kihusishi. "Tazamia" nzima ni "look forward to", na "kusikia" iliyobaki ni "hearing".

Mfasiri, Mombasa

Shikamoo Mwalimu. Nimefasiri barua kwa miaka mingi na sikuwahi kulitazama jambo hili kupitia kauli ya kutendea; ahsante sana.

Ningependa kuongeza neno kuhusu maana, kwa sababu mtu anaweza kuipatia sarufi na bado akaumiza. Maneno haya yana furaha ndani yake. Niliwahi kuletewa barua ambayo ofisi moja ilimwandikia mfanyakazi wake aliyefiwa, nayo ilisema: "We look forward to the burial on Saturday." Mwandishi alikusudia kusema kwamba watahudhuria, lakini aliyezoea Kiingereza ataisoma kana kwamba wanayangojea mazishi kwa hamu. Palitosha kuandika "We will attend the burial on Saturday." Kwa jambo la huzuni, au lisilo na furaha wala huzuni, yako maneno kama "expect" na "await".

Kuhusu barua yako, "I look forward to" ina urasmi zaidi kuliko "I am looking forward to", ingawa zote ni sahihi. Pia usiidondoshe "to" ukaandika "I look forward your reply", kosa ambalo ninakutana nalo karibu kila wiki.

Mwombaji wa kazi, Morogoro

Shikamoo Mwalimu, na ahsanteni nyote wawili. Nimeiandika upya sehemu ya barua na ninaomba mnisahihishe: "During the holidays I used to teaching younger pupils. I am used to work long hours. I look forward to meeting you."

Mwalimu mstaafu, Tanga

Marahaba. Ya tatu ni safi, usiiguse. Mbili za mwanzo umezibadilishia mavazi. "Used to" isiyotanguliwa na "am" hueleza desturi iliyopita, yaani "nilikuwa nikifundisha", na "to" yake ni ile ya kitenzi, kwa hiyo andika "I used to teach younger pupils." Lakini "I am used to" maana yake ni "nimezoea", na hapo "to" ni kihusishi, kwa kuwa unaweza kusema "I am used to the noise". Kwa hiyo andika "I am used to working long hours." Angalia tofauti hii kwa makini, maana anayesema "I used to wake up at five" alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri na sasa ameacha, ilhali anayesema "I am used to waking up at five" hata kesho ataamka saa hiyo hiyo. Mwajiri atakayeisoma barua yako anahitaji kujua wewe ni yupi kati ya hao wawili.