MF 135 ya mzee inagoma kupiga starta, inatoa "ta" moja tu. Naombeni ushauri kabla sijanunua starta

Mkulima wa Kibaigwa
Wakuu habari za jioni. Nina trekta Massey Ferguson 135 ya marehemu mzee, ile ya Perkins silinda tatu, imenizidi umri ila injini iko poa sana, haili oili wala haitoi moshi.

Shida ni umeme. Ukizungusha funguo taa ya dashibodi inafifia, inasikika "ta" moja halafu kimya. Ukirudia mara tano sita kuna siku inakubali, inazunguka kwa uvivu kweli halafu inawaka, na ikishawaka inalima siku nzima bila tatizo ila ole wako uizime. Sasa hivi jioni tunaiacha kwenye mteremko ili asubuhi tuiserereshe.

Betri ina miezi miwili. Fundi wa hapa kaja kapiga bisibisi kwenye starta, kasema starta imekufa, laki nne na nusu, na ile swichi ndogo ya kwenye giaboksi kaitoa kaunganisha waya moja kwa moja eti ndo ilikuwa inasumbua. Mvua za kwanza zimeshagusa, nina heka 14 na kuna majirani washanilipa hela ya kulimiwa. Ninunue au?

Boda_wa_Mpwapwa
Mkuu cheki plagi na koili, ya kwangu ilikuwa hivyo hivyo nikabadilisha plagi ikapona

Fundi waya
Boda hiyo ni dizeli, haina plagi wala koili. Dizeli inawaka kwa mgandamizo, ikizunguka kwa kasi inayotakiwa na mafuta yapo inawaka, na ikishawaka unaweza hata kutoa betri itaendelea kunguruma tu. Kwa hiyo hapa swali ni moja, kwa nini haizunguki.

Kiongozi usinunue starta kwanza, nijibu haya matatu. Ilianza lini hasa? Kabla haijaanza mlifanya nini kwenye hiyo trekta? Na ukipiga starta shika ile kebo ya kuzimia injini, ile unayovuta, niambie ikoje.

Mkulima wa Kibaigwa
Ilianza mwezi wa 9. Kabla yake tuliipiga rangi trekta nzima maana ilikuwa imechakaa, na betri ikafungwa hiyo mpya siku hiyo hiyo.

Kebo nimetoka kuishika sasa hivi kaka, ina moto! Nimepiga starta mara tatu tu na injini ni ya baridi haijawaka tangu asubuhi, plastiki yake imelainika kabisa. Hii inahusiana vipi na starta?

Fundi waya
Inahusiana sana, hiyo kebo ndo imekupa jibu. Starta inavuta ampea mia kadhaa, na umeme ukitoka kwenye chanya lazima urudi kwenye hasi ya betri. Njia yake ni ethi, yaani ule waya mnene unaotoka hasi kwenda kwenye chuma cha injini. Ethi ikiwa mbovu umeme unatafuta njia nyingine, na kwako umeipata hiyo kebo ya kuzimia, kawaya kembamba kanabebeshwa mzigo wa starta nzima, lazima kapate moto.

Fuata waya wa hasi uone umefungwa wapi. Kama una mita ya kupimia volti weka DC 20, ncha moja kwenye hasi ya betri yenyewe na nyingine kwenye bodi ya starta, mtu apige starta. Isizidi nusu volti. Kama huna mita chukua waya mnene wa kubustia, toka hasi ya betri mpaka kwenye chuma cha injini kilichokwanguliwa, piga starta. Ikizunguka vizuri basi starta yako ni nzima.

Mzee wa Hanang
Mdogo wangu mimi naomba uirudishe ile swichi ya giaboksi kabla ya yote. Ile kazi yake ni kuzuia trekta isiwake ikiwa kwenye gia. Nimeendesha trekta tangu ujana wangu na nimemwona kijana amesimama mbele ya tairi kubwa la nyuma anapiga bisibisi kwenye starta, gia ilikuwa imeingia, ikawaka na kumpanda paja. Alipona lakini hatembei sawa mpaka leo. Na hiyo yako vijana wanakuja kuiserereshea shambani na watoto wapo pembeni. Swichi ikiwa mbovu nunua nyingine, usiiruke.

Mkulima wa Kibaigwa
Wakuu nimerudi. Ethi ilikuwa imefungwa kwenye bati la kushikilia boneti, juu ya rangi mpya, nati imekaza vizuri kabisa ukiangalia huwezi kudhani. Nilipima kwanza ikasoma 3.8! Nikaitoa, nikakwangua rangi kwa kisu na msasa pale kwenye chuma cha injini mpaka kikang'aa, nikasafisha na vichwa vya betri, nikafunga, nikapaka grisi juu. Sasa inasoma 0.2.

Nimezungusha funguo ikashika mara ya kwanza. Mama alikuwa jikoni katoka na mwiko mkononi kuangalia. Kebo ni ya baridi. Mzee shikamoo, swichi nimeirudisha na inafanya kazi, gia ikiingia haipigi.

Fundi waya
Safi sana mkuu. Badilisha na hiyo kebo maana ikishapata moto inaweza kukwama usiweze kuzima. Halafu pima chaji, injini ikiwa kwenye mwendo betri isome 13.8 mpaka 14.4.

Mkulima wa Kibaigwa
Inasoma 12.4 na taa nyekundu inawaka kwa mbali. Mkanda naona umelegea, kesho alfajiri naukaza halafu naleta majibu.