Naomba ushauri: mbwa wa Mtwara atastahimili baridi ya Makete mwezi huu wa saba?

Korosho Ghafi (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, Chuno. Nina mbwa dume, koko wa kawaida ila mkubwa, manyoya mafupi, tumboni ndiyo hana kitu kabisa. Kazaliwa hapa hapa. Hata hii kusi ikivuma usiku anahamia nyuma ya jiko la kuni. Nataka kumpeleka Makete kwa shemeji yangu, na ni wiki hii hii. Nasikia kule asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa sakitu. Je, atapona? Nimwandalie nini? Naombeni ushauri wa kweli, usingizi sipati.

Mkinga wa Bulongwa
Karibu kwetu mkuu, ila umechagua miezi mibaya. Juni mpaka Agosti ndiyo baridi yenyewe, sakitu ikishuka viazi vinaungua shambani kwa usiku mmoja. Mbwa wetu wanaishi kwa sababu wamekulia humo na manyoya yao ni mazito. Wako mjengee kibanda kilichoinuliwa kutoka ardhini, kidogo kiasi cha yeye kugeuka tu, maana kinapata joto kutokana na mwili wake mwenyewe. Mlango usitazame upepo. Ndani weka majani makavu ya ngano, siyo blanketi, kwa sababu blanketi likilowa linamnyonya joto usiku kucha. Chakula kiongezwe na kiwe na mafuta, kutetemeka kunakula nguvu nyingi. Na mwambie shemeji asithubutu kumwekea jiko la mkaa ndani. Hewa ya mkaa haionekani wala hainuki, imeshaua watu waliolala vyumbani sembuse mbwa bandani.

Bandari Salama
Makete! Mimi nilikuwa utingo wa lori la mbao enzi hizo. Tulilala njiani karibu na Kitulo, nimetoka Mtwara na kandambili. Asubuhi vidole vya miguu sivisikii, dereva ananiambia nishuke niweke jiwe kwenye tairi. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema Newala kuna baridi namwangalia tu.

Ustadhi Mikindani
Ndugu yangu, mbwa wa ulinzi na wa shamba ameruhusiwa, hilo halina ubishi. Lakini ukimfuga una dhamana naye. Kumtoa kwenye joto ukamtupe kwenye barafu ni kumdhulumu kiumbe asiyeweza kusema. Umeombwa na nani kumpeleka?

Dada Njugu
Mimi naona kuna kitu hakijasemwa. Kwa nini wiki hii? Subiri Oktoba, baridi imekwisha, mbwa anazoea taratibu. Halafu ana umri gani, na chanjo amepata?

Korosho Ghafi
Ana miaka mitatu, mzima wa afya. Haraka ni mambo ya kifamilia tu. Nimeshaongea na jamaa wa lori, anapita Masasi, Tunduru, Songea mpaka Njombe, na nusu ya hela nimeshatoa. Kwa hiyo kwenda anakwenda, mimi nauliza habari ya baridi.

Masasi Mjini
Mtafutie sweta la mtoto pale mitumbani, mikono ya mbele ikate kidogo. Atashuka Makete kama bwana harusi.

Dada Njugu
Chanjo hujajibu. Na hayo mambo ya kifamilia ni yapi?

Korosho Ghafi
Sawa, niseme. Ijumaa alimng'ata mtoto wa jirani kwenye shavu la mguu. Kidogo tu, matundu mawili. Mtoto alikuwa anamrushia mawe akiwa kwenye mnyororo. Mtoto mzima, leo Jumanne nimemwona anacheza. Lakini baba yake ameapa atamuua mbwa kwa sumu. Chanjo alipata mwaka juzi walipopita mtaani, kadi siioni. Ndiyo maana namwondoa. Sioni ubaya wa kuepusha shari.

Mifugo Lindi
Mtoa mada, lori lisahau kwanza. Mbwa akimng'ata mtu anafungwa mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Virusi vya kichaa cha mbwa huonekana kwenye mate siku chache tu kabla ya mbwa mwenyewe kuanza kuumwa. Akizipita siku 10 akiwa mzima, ina maana siku ile hakuwa na cha kuambukiza. Ukimpeleka Makete nani atamwangalia? Akiwa nao, umeupeleka kwa shemeji yako. Na mtoto kucheza siyo kipimo. Ugonjwa huu unaweza kukaa kimya wiki hata miezi, na dalili zikianza hakuna tiba. Mtoto kaoshwa kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15? Kapata sindano?

Tairi Bovu
Wakuu hii chai. Mwanzo mbwa anaogopa baridi, ukurasa haujageuka tayari kuna mtoto, sumu na lori. Jina lenyewe limejiunga mwezi huu. Nani anamlipia koko nauli mpaka Njombe wakati koko wanaokotwa bure? Weka picha ya mbwa.

Bandari Salama
Hapo kwenye nauli hata mimi nilishtuka. Picha tafadhali.

Masasi Mjini
Tuliambiwa jamaa mmoja humu anatafuta figo, ikawa hadithi. Picha na gazeti la leo.

Korosho Ghafi
Picha siweki, nyumba yangu inajulikana. Mnauliza kwa nini namlipia. Msimu uliopita wezi waliingia shambani kwangu Naliendele, korosho ziko kwenye magunia. Huyu mbwa aliwashikilia mpaka mimi na vijana tukafika, sikio la kushoto limechanwa na panga mpaka leo. Zile korosho ndizo zilizolipa ada ya wanangu. Nimwache auawe kwa kipande cha nyama?

Mifugo Lindi
Iwe chai isiwe chai, humu kuna anayesoma ambaye mwanawe kang'atwa kweli, namjibu na yeye pia. Mtoto aanze sindano sasa, asisubiri siku 10 ziishe. Siku hizi wanachoma mkononi, siyo tumboni kama zamani.

Korosho Ghafi
Nakuelewa daktari, lakini nikimfunga hapa sumu itarushwa juu ya uzio. Nani atamlinda? Makete angalau atakuwa hai.

Mifugo Lindi
Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na bwana mifugo wa kata, mbwa aandikishwe kuwa yuko kwenye uangalizi. Usiku mweke ndani ya nyumba. Na jirani mwambie hivi: mbwa huyu akifika siku ya 10 mzima, ndipo daktari anaweza kumwambia mwanao sindano zilizobaki hazihitajiki. Ukimuua leo, huna tena pa kulijua hilo.

Ustadhi Mikindani
Usiende peke yako. Chukua mzee mmoja wa mtaani, baba mwenye hasira humsikiliza mzee.

Dada Njugu
Hayo ya mbwa yamejibiwa. Mtoto kafikishwa hospitali ya Ligula au hapana?

Korosho Ghafi
Hapana. Mama yake alisema walimpaka majivu na kitunguu. Dereva wa lori nimempigia, nimemwambia aende na mizigo yake. Mzee wa nyumba ya tatu bado yuko barazani, naenda naye sasa hivi.

Mifugo Lindi
Beba kipande cha sabuni. Hata kama siku zimepita, majivu hayo yaoshwe yote kabla hamjapanda bajaji, na msikubali kidonda kifungwe wala kishonwe mpaka daktari akione.