Mafundi wanakaa bure sayti na muda unakwenda. Nipangeje kazi?

Foremani_Kibo
Wakuu, habari za humu. Nasimamia nyumba ya ghorofa moja hapa Moshi, upande wa Soweto. Vijana wapo 24: mafundi tofali 6, mafundi mbao 4, wa nondo 3, waliobaki saidia. Slabu, yaani zege la sakafu ya juu, tumemwaga, leo siku ya tisa. Tangu hapo mafundi tofali wanapiga soga hadi saa 4 asubuhi: mara mchanga haujafika, mara mbao zimewazibia njia. Tajiri yuko Dar, anapiga simu kila jioni, anataka paa liwe juu kabla ya Desemba. Nimesoma ule usimamizi wa Toyota wa kuondoa upotevu, nikaona unatufaa. Nimeshaanza kidogo, nafasi ya kufanyia kazi chini imepatikana. Anayejua hatua za kuipanga timu anisaidie, usingizi sipati.

QS_Njiro
Mkuu, anza na mpango wa wiki, ila usiuandike peke yako. Ijumaa jioni kaa na kiongozi wa kila kundi: tofali, mbao, nondo. Kila mmoja aseme mwenyewe kazi atakazomaliza wiki ijayo, na kila kazi iwe na mwisho unaoonekana. "Kuendelea na ukuta" hiyo siyo kazi. "Ukuta wa chumba cha pili kufika usawa wa lenta, juu ya madirisha" ndiyo kazi.

Halafu kila kazi ihojiwe kabla haijaingia kwenye mpango. Vifaa vipo? Ramani ipo? Kazi ya kabla yake imekwisha? Eneo liko wazi? Vyombo na watu wapo? Ikikosa kimoja isipangwe, bali aandikwe mtu wa kukitafuta na siku ya mwisho. Hapo ndipo mafundi wako wanapokwamia.

Ijumaa inayofuata hesabu. Zikiahidiwa 12 zikaisha 7, umepata asilimia 58. Iliyofika asilimia 90 ni sifuri, maana fundi anayefuata hawezi kuianza. Kwa kila iliyokwama andika sababu moja ya kweli. Utaratibu huu ulitengenezwa na Glenn Ballard na Greg Howell huko Marekani, hao hao walioanzisha Lean Construction Institute, taasisi ya kupunguza upotevu kwenye ujenzi, mwaka 1997. Walikuta kwenye miradi kwamba karibu nusu tu ya kazi za wiki ndizo zinazokamilika, hata pale penye mameneja wazuri. Kwa hiyo usikimbilie kusema vijana wako ni wavivu.

Mama_Nondo
Hayo yote sawa, ila posho wanalipwa siku gani? Kibarua anayezungushwa Jumamosi, Jumatatu haji na moyo. Lipa kwa wakati, chai ya saa 4 iwepo, maji ya kunywa yawepo. Mtu mzima haongozwi kwa kufokewa mbele ya wenzake.

Foremani_Kibo
Dada, malipo hayana shida. QS, asante sana, nimeandika yote.

Kapenta_Majengo
Mimi nimekwama kwenye neno moja. Unasema nafasi chini imepatikana. Imepatikanaje? Chini ya slabu ya siku tisa panatakiwa pawe msitu wa mirunda, yaani miti ya kuishikilia slabu hadi ikomae, mtu apite ubavu ubavu. Halafu tupe vipimo: slabu ukubwa gani, unene, uwiano, saruji mifuko mingapi?

Foremani_Kibo
Mita 15 kwa 12, unene sentimita 15, uwiano moja mbili nne (saruji, mchanga, kokoto), saruji ya daraja la 32.5, mifuko 120.

Kapenta_Majengo
Mirunda je?

Foremani_Kibo
Nimetoa michache tu, upande wa sebule na chini ya baraza la juu linalotokeza nje. Ni ya kukodi, tunailipia kwa siku. Na si ndiyo upotevu wenyewe tunaousema, watu kusubiri na vifaa kukaa? Slabu nimeigonga na nyundo, inalia vizuri. Mafundi tofali wameshaanza kuta za ndani na hakuna ufa. Hata tofali za juu tumepandisha, kama 400.

Injinia_Sakina
Ndugu yangu, simamisha kazi chini ya slabu hiyo, leo.

Mwongozo wa zamani wa Kiingereza, BS 8110, ambao wengi tumeusomea, kwenye joto la nyuzi 16 kwenda juu unataka mbao za chini ya slabu zikae siku 4 na mirunda yake siku 10. Mirunda ya chini ya bimu, yaani boriti za zege, ni siku 14. Hizo siku ni za saruji ya kawaida isiyo na mchanganyiko. Saruji nyingi za 32.5 zina pozolana (kama majivu ya volkano) au chokaa na hukomaa polepole zaidi, ndiyo maana wasimamizi makini husubiri siku 14 kwa slabu na 21 kwa bimu. Kugonga na nyundo hakukwambii nguvu ya zege. Kinachokwambia ni michemraba ya zege ya milimita 150 iliyochukuliwa siku ya kumwaga na kuvunjwa maabara siku ya 7 na ya 28.

Tofali la inchi 6 lina kilo 30 hivi. Ukiyalaza, kozi moja ni kama kilo 300 kwa mita ya mraba, kozi mbili 600. Sakafu ya nyumba ya kuishi hupigiwa hesabu ya watu na samani ya kilo 150 hivi. Tofali 400 ni tani 12, juu ya zege changa lisilo na mirunda.

Na baraza ndilo linanitisha zaidi. Limeshikwa upande mmoja, nondo zake kuu ziko juu. Vijana wakizikanyaga wakati wa kumwaga zikashuka, mirunda tu ndiyo inalibeba. Siku ya kuitoa ikifika, barazani unaanzia ncha ya nje kurudi ukutani. Kwenye slabu iliyoshikwa pande zote unaanzia katikati kwenda kwenye nguzo.

Babu_wa_Tengeru
Huyo tajiri wa Dar aje alale sebuleni wiki moja, tuone kama atapiga tena simu ya kuharakisha 😂

Mhakiki_Pasua
Wakuu, mnapoteza nguvu, hii ni chai. Pigeni hesabu. 15 kwa 12 kwa 0.15 ni mita za ujazo 27. Zidisha 1.54 kwa ajili ya zege kavu, gawa kwa 7 (moja, mbili na nne), unapata mita za ujazo 5.9 za saruji. Mfuko mmoja ni mita za ujazo 0.035. Hiyo ni mifuko 170, bado bimu. Yeye kasema 120. Ama hajawahi kusimama kwenye zege, ama ametunga aone tutasema nini.

QS_Njiro
Hesabu ya Mhakiki iko sawa. Kama si chai, basi zege ni dhaifu. Foremani, tueleze.

Foremani_Kibo
Sijatunga, mkuu. 120 ndiyo ya siku ya kwanza. Saruji iliisha saa 11 jioni, gari la pili likaja siku ya tatu yake. Baraza na kipande cha sebule tukamalizia siku hiyo kwa mifuko 52. Sikuona kama ni jambo la kusema.

Mhakiki_Pasua
Basi naondoa neno chai. Ila kaka, ulipotoa mirunda ndipo penye zege la siku sita.

Injinia_Sakina
Na pana kiungio pia, pale zege jipya lilipokutana na la zamani. Kiungio hutakiwa kiangukie theluthi ya kati ya slabu, ukingo wake uchongwe, usafishwe, ulowanishwe na kupakwa uji wa saruji kabla ya zege jipya. Kimeangukia wapi?

Foremani_Kibo
Karibu na bimu ya sebule. Kuchonga hatukuchonga, tulimwagia maji tu. Injinia wa mradi sijamwambia, ataniondoa.

Injinia_Sakina
Mpigie sasa hivi, kabla hujajibu hapa. Toa watu chini na juu, funga njia kwa kamba. Tofali za barazani msiziguse hadi aseme zianze kushushwa zipi. Yeye akiridhika kwamba ni salama kuingia, mirunda irudishwe hivi: kila mmoja ukae juu ya kipande cha ubao, siyo udongo mtupu, juu kabari mbili zinazokutana, zigongwe hadi zishike na ziishie hapo, maana ukiinyanyua slabu unaipasua, kisha mirunda ifungwe pamoja katikati kwa mbao. Avute uzi chini ya bimu kutoka nguzo hadi nguzo apime imeshuka kiasi gani, na aangalie nyufa juu ya slabu pale baraza linapoungana na ukuta.

Foremani_Kibo
Nimempigia. Yuko Himo, anakuja. Vijana nimewatoa. Ila wale 6 wa tofali niwafanyie nini hizo wiki mbili?

QS_Njiro
Ukuta wa uzio, shimo la maji taka, kufyatua tofali, kukata na kukunja ringi za nguzo za juu. Andika kazi kama hizo kwenye ubao kila wiki, zile zisizotegemea kazi nyingine, ili kundi likikwama lihamie huko. Na kwenye orodha yako ya Ijumaa, mstari wa kwanza wa siku yoyote ya zege uwe huu: mifuko yote ihesabiwe ikiwa stoo siku moja kabla. Ikipungua, mixa haiwashwi.

Kapenta_Majengo
Na siku za mirunda upande wa sebule na baraza hesabu kuanzia mmwago wa pili, siyo wa kwanza.