Muuzaji amekata kurasa za ripoti yangu ili auze Camaro ya kughushi kama gari la mashindano la 1969

Wanajukwaa, salaam. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni fundi wa kukarabati magari ya zamani ya mashindano hapa Indiana, Marekani, na sehemu ya kazi yangu ni kukagua gari kabla mteja hajalipa, kisha kumweleza kwa maandishi kama gari hilo ndilo lile linalodaiwa kuwa. Mapema mwaka huu mteja alinituma nikague Chevrolet Camaro Z/28 ya 1969 iliyokuwa ikiuzwa kama gari lililoshindana katika Trans-Am, msururu wa mbio za magari wa Marekani. Niliandika bila kuzunguka kwamba sivyo, na mteja akaghairi kununua. Sasa gari lile lile limerudi sokoni, na ndani ya kabrasha la mauzo kuna ukurasa mmoja wa ripoti yangu, wenye jina langu na vipimo vya bodi, huku kurasa zenye matokeo ya ukaguzi zikiwa zimeondolewa. Asiyejua atadhani nimelithibitisha.

Muuzaji simtaji, kwa kuwa suala liko mikononi mwa wakili. Yaliyokuwa katika kurasa zilizoondolewa ndiyo nitakayoyaeleza.

Muelewe kwanza kwa nini Camaro ndiyo kipenzi cha waghushi. Trans-Am ilianzishwa na SCCA, chama cha mbio za magari cha Marekani, mwaka 1966, na injini za daraja la juu hazikuruhusiwa kuzidi lita 5, ndipo Chevrolet ikatoa Z/28 yenye injini ya inchi za ujazo 302. Mwaka 1967 zilitengenezwa 602 tu, lakini mwaka 1969 pekee zilitengenezwa 20,302. Mark Donohue, akiendesha gari la timu ya Roger Penske, alishinda mbio 10 kati ya 13 za msimu wa 1968, na tangu hapo Camaro yoyote inayoweza kuhusishwa na mashindano yale ina bei ambayo mwenzake wa barabarani haifikii. Tatizo ni kwamba General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, haikuhifadhi kumbukumbu za Camaro moja moja zilizouzwa Marekani. Mwenye Mustang ya 1967 na kuendelea anaweza kupata maelezo ya gari lake kutoka kumbukumbu za Ford zinazotunzwa na Kevin Marti, na hata Camaro iliyopelekwa Kanada ina karatasi zake huko. Mustang Boss 302 hujitaja yenyewe, kwa sababu herufi ya tano katika namba yake ya utambulisho ya kiwandani ni G, ambayo ni alama ya injini ya Boss 302. Namba ya Camaro ya 1969 inakuambia tu kwamba gari lilitoka na injini ya V8, yaani ya silinda nane. Kama lilikuwa Z/28 au la, namba haisemi.

Kabrasha linajivunia kwamba injini ni ile ile iliyotoka na gari kiwandani na kwamba namba zinalingana. Mbele ya silinda hedi ya kulia kuna uso mdogo bapa ambapo kiwanda kiligonga namba. Mashine iliyosawazisha uso huo iliacha mistari myembamba iliyo sambamba, inayotoka mbele kwenda nyuma, na mistari hiyo huonekana hata baada ya miaka 50 ikiwa hakuna aliyeigusa. Niliusafisha kwa kitambaa na tina, nikaumulika kwa tochi kutoka ubavuni, na sikuona hata mstari mmoja wa namna hiyo. Niliona mikwaruzo ya duara ya msasa wa mashine, na juu yake herufi DZ, alama ya injini ya Z/28, pamoja na tarakimu zilizogongwa kwa mkono, moja imezama na jirani yake imeparaza. Nikaenda nyuma ya bloku ya injini kusoma tarehe iliyosubiwa pamoja na chuma chenyewe: F 17 9, yaani 17 Juni 1969. Kibati cha bodi kinasema 03B, wiki ya pili ya Machi. Bloku hiyo ilimiminwa miezi mitatu baada ya bodi kutengenezwa, na bado tunaambiwa zilitoka kiwandani pamoja.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba hata kama namba zingelingana kikweli, jambo hilo lingepaswa kumtia mnunuzi wasiwasi. Injini ya gari la mashindano ilifunguliwa mara kwa mara, ikipasuka ikatupwa, na bloku za akiba zilizonunuliwa kwa wakala wa Chevrolet hazikuwa na namba ya gari lolote. Gari lililoshindana misimu miwili na kubaki na injini yake ya kwanza ni jambo la nadra mno. Aliyegonga namba hizo alitaka kumridhisha mnunuzi wa magari ya maonesho, na kwa kufanya hivyo akaharibu hadithi yake mwenyewe.

Bodi nayo ilinena. Gari la Trans-Am lilifungwa ndani fremu ya vyuma ya kumkinga dereva, na hata fremu ikiondolewa sakafu hubaki na matundu, viraka na alama za kuchomelea. Sakafu ya gari hili ina alama za kiwanda ambazo hazijaguswa. Fremu iliyomo leo imefungwa kwa boliti kwenye matundu ambayo kingo zake zilikuwa bado zinang'aa. Nyuma ya dashibodi na ndani ya milango, mahali ambapo kwa kawaida hakuna anayehangaika kupaka rangi upya, nilikuta rangi moja tu, ile ya kiwanda, wakati muuzaji anadai gari lilibadilishwa rangi kila lilipobadilisha timu. Kisha nikafungua kasha la hita ili nione namba fupi iliyogongwa kwenye ukuta wa injini, ambayo hupaswa kulingana na ya dashibodi. Haikuwepo. Sehemu hiyo imesagwa hadi chuma cheupe. Hapo tumetoka kwenye ubishi wa mafundi na kuingia kwenye jinai, maana sheria ya shirikisho ya Marekani inakataza kuondoa au kubadilisha namba ya utambulisho wa gari, na ripoti kamili nimeikabidhi polisi.

Historia yenyewe imeshikiliwa na picha moja ya Camaro ya buluu yenye namba ubavuni. Namba ya ubavuni si kitambulisho. Msimu ukibadilika, gari jingine huivaa. Hakuna kitabu cha ukaguzi cha SCCA, hakuna hati ya mauzo hata moja kabla ya 1988, na hakuna dereva wala fundi wa wakati huo aliyeulizwa. Ipo pasipoti ya kiufundi ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, ambayo muuzaji anaitaja kama ushahidi. Hati hiyo inathibitisha kwamba gari linakidhi masharti ya kiufundi ya kipindi fulani ili liruhusiwe kushindana leo, wala haithibitishi kwamba ndilo lililoshindana zamani.

Nilipomlalamikia muuzaji, alinijibu kwamba magari yote ya mashindano yamebadilishwa vipande, kwa hiyo hakuna lililo halisi kabisa. Hoja hii imekwisha kujibiwa mahakamani. Mwaka 1990, huko London, Jaji Otton alisikiliza kesi ya Bentley iitwayo Old Number One, gari ambalo karibu kila kipande chake cha awali kilikuwa kimebadilishwa. Aliamua kwamba lilistahili jina lake kwa sababu mabadiliko yalifanyika hatua kwa hatua katika maisha yake, bila mlolongo kukatika. Mlolongo huo ndio usiokuwepo kwenye Camaro hii.

Magari ya Marekani yenye nasaba isiyotiliwa shaka yapo. Shelby Daytona Coupe namba CSX2287, ya kwanza kati ya 6 na kazi ya mbunifu Peter Brock, iliwahi kuwa mali ya mtayarishaji wa muziki Phil Spector, ikafichwa ghalani California kwa miongo kadhaa, na ilipopatikana mwaka 2001 palizuka mzozo mkali wa umiliki. Lakini hakuna aliyebishana kama ndiyo yenyewe, kwa kuwa mikono iliyoipitia ilijulikana. Leo iko Philadelphia katika makumbusho ya marehemu Dkt. Frederick Simeone, ambaye hakuruhusu ipakwe rangi mpya, kwa kuwa mikwaruzo yake ni sehemu ya ushahidi.

Kwa wenzangu wa Nairobi, Kampala na Arusha, jambo hili si la mbali kama linavyoonekana. Safari Rally ya mwaka 1964 ilishirikisha Mercury Comet, magari ya Kimarekani, zilizoandaliwa na Bill Stroppe wa Long Beach, California, na mbili tu kati yake zilifika mwisho, wakati Peter Hughes akishinda na Ford Cortina GT. Aliye na picha za familia, kadi ya gari au kipande cha Comet hizo asikitupe na asimkabidhi dalali nakala yake ya pekee. Karatasi hizo zina thamani kubwa kwa atakayekuja kughushi.

Kuhusu ripoti yangu, muuzaji anasema kurasa nyingine ziliachwa kwa kukosa nafasi. Sikubali. Aiweke yote, ikiwemo picha ya ukuta uliosagwa, au aondoe jina langu leo. Mteja aliyeilipia ameniruhusu kuitoa, kwa hiyo yeyote aliyeoneshwa Camaro hiyo na kuombwa amana aniandikie kabla ya kutuma pesa, nami nitampa kurasa zote.