Bendera ya Zanzibar: inaupamba Muungano au inaugawa?

Mlingoti: Wadau, tulijadili hili bila jazba. Tangu Januari 2005 Zanzibar ina bendera yake: bluu, nyeusi, kijani, na ile ya Muungano imewekwa ndogo kwenye kona ya juu. Ya Tanganyika tuliizika 1964. Nchi moja, bendera mbili, ni sawa?

Bin_Forodha: Mliizika wapi? Kijani, njano na nyeusi za tarehe 9 Desemba 1961 zote zimo kwenye bendera ya Taifa. Mkaongeza bluu yetu, tena mkaisukuma kona ya chini. Maiti gani huyo anayepepea kila siku?

Kibopa wa Igunga: Kona ya chini! Mtu mzima unalilia kona. Darasa la tatu tulifundishwa: kijani ardhi na mimea, nyeusi watu, njano madini, bluu maji. Ziwa Victoria nalo ni la Unguja?

Bin_Forodha: Kabla haijawa maji ilikuwa ya ASP, chama cha Afro-Shirazi cha Zanzibar, kaka. Rangi za chama ndizo zilizofanywa bendera ya Zanzibar mwishoni mwa Januari 1964, miezi mitatu kabla ya Muungano.

Mtaalamu_Asiyelipwa: Na kabla ya hiyo kulikuwa na nyingine ya Mapinduzi, yenye njano ndani, haikumaliza hata wiki tatu. Na mwezi mmoja nyuma, ya Sultani, nyekundu yenye karafuu. Sasa mkisema "bendera yetu" semeni ipi.

Fundi_Cherehani: Mimi nashona hizi. Ya Zanzibar ni rahisi, mapande matatu unayaunga, kazi iko kwenye ile kona tu. Ya Taifa inatesa. Ule mweusi unakatwa mshazari, na kitambaa cha mshazari kinavutika, usipokishika vizuri njano inapinda. Halafu unahangaika hivyo, ofisi inaitundika kichwa chini! Kijani inatakiwa juu, upande wa mlingoti. Juzi nimepita ofisi moja ya kata, bluu ndiyo iko juu, na mtendaji yuko chini yake anagonga mihuri.

Bin_Forodha: Alhamdulillah, bluu imepata haki yake.

Kibopa wa Igunga: Unaona sasa? Bendera ya Taifa inadhalilishwa, yeye anachekelea. Huku kwetu saa 12 jioni ikishushwa kituo cha polisi, hata mwendesha baiskeli anashuka na kusimama wima. Nyinyi hamjawahi kuipenda hii nchi.

Bin_Forodha: "Nyinyi" nani? Sema vizuri, usinifichie kwenye wingi.

Mlingoti: Jamani, swali lilikuwa la bendera ya 2005.

Fundi_Cherehani: Ndugu Kibopa, aliyeigeuza si Mzanzibari. Ni kata ya Bara.

Kibopa wa Igunga: Fundi, shona. Nazungumza na huyu. Mkipewa bendera mnataka kiti, 2017 mkakimbilia CAF, shirikisho la mpira la Afrika, mkaingizwa Machi, Julai wakawatoa. Mlitegemea nini?

Bin_Forodha: Na Desemba hiyohiyo tukafika fainali ya CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, tukatolewa jasho na Kenya mpaka penalti. Bara mlikuwa wapi? Vijana wale walikuwa wamejifunga bendera gani mabegani? Hiyohiyo unayoiita mgawanyiko.

Mtaalamu_Asiyelipwa: Mlifungwa lakini.

Bin_Forodha: Kwa penalti! Penalti si kufungwa.

Kibopa wa Igunga: 😂😂 Andikeni basi kwenye bendera. Kombe lenu mlichukua 1995, miaka kumi kabla haijakuwepo hiyo yenye kona. Kwa hiyo si kitambaa, ni mpira.

Bin_Forodha: Na nyinyi 1994. Toka hapo mkakaa mpaka 2010, na bendera mnayo, kubwa, mshazari kabisa.

Kibopa wa Igunga: 2010 tulichukua tukiwa nyumbani, uliza waliokuwepo.

Mtaalamu_Asiyelipwa: Nyumbani ndiyo inapunguza, mkuu. Tuhesabu za ugenini.